Kitundu cha Chini ya Ekzosi

Mke wangu hajawahi kurudisha sahani ya jirani ikiwa tupu. Hata kiwe kibakuli cha plastiki kilicholetwa na kaimati nne, kitakaa kwetu siku mbili tatu mpaka kipatikane cha kutia ndani, vipande vya papai au vitumbua au hata ndimu tano, ndipo kirudi kwa mwenyewe. Yeye ni mtu wa Temeke, kazaliwa na kukulia pale, na kwao kurudisha chombo kitupu ni sawa na kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Mwanzoni nilikuwa namcheka. Mimi mtu wa Tabora nililelewa kwamba chombo cha watu unakiosha, unakirudisha, yamekwisha. Lakini ukikaa na watu miaka kumi na moja tabia zao zinakuingia, na hii iliniingia mpaka ikaniponza.

Kitu chenyewe nilichotakiwa kurudisha kilikuwa pikipiki ya baba mkwe. Aliinunua akiwa kijana, karani mdogo bandarini, na mpaka leo anaikumbuka siku aliyoitoa dukani kuliko anavyokumbuka siku walizozaliwa watoto wake. Ni ya Kijapani, tangi jekundu lililopauka, injini ya zile za kuchanganya oili na petroli, inayotoa moshi wa bluu na mlio kama wa bisi zinazokaangwa. Vijana wa bodaboda wakiiona wanasimama kuipiga picha. Baba mkwe anajifanya hawaoni, lakini anapunguza mwendo.

Mtu pekee aliyeruhusiwa kuifungua ni fundi wake, mzee wa rika lake, mwenye banda la mabati nyumba ya nne kutoka kwake. Walianza nayo wote wawili ikiwa mpya, mmoja akiiendesha na mwingine akiisikiliza. Ndivyo alivyosema fundi mwenyewe, kwamba yeye haitengenezi, anaisikiliza. Ikipita asubuhi kwenda sokoni, jioni anamwambia mwenye mali, "Plagi yako imechoka," kabla pikipiki haijaonyesha dalili yoyote.

Fundi huyu ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Tangu alipojua kabila langu hatukuwahi kusalimiana kistaarabu. Nikitokeza tu kwenye kona anapaza sauti, "We mpagazi, leo umebeba mzigo wa nani?" Nami namjibu, "Mzaramo umeshaamka? Mbona jua bado halijafika utosini?" Ndipo nampa shikamoo yake, naye anaipokea huku akianza kunitukana upya. Kwa kabila baba mkwe naye ni mtani wangu, lakini ndoa ilishafuta hayo. Kwake mimi ni shikamoo na macho chini, na jambo lolote zito linapitia kwa binti yake. Sijawahi kumkabili na neno gumu uso kwa uso, na miaka yote nilikuwa naiita hiyo heshima.

Mwaka juzi tulianza kujenga Wazo, vyumba viwili na sebule, upande wa juu ya kiwanda cha saruji. Nafundisha sekondari Kinondoni, nyumbani ni Tabata, na mafundi ujenzi usipowatokea ghafla mchanga unazidi saruji. Mke wangu akapeleka habari kwao, na jibu likarudi kwa njia ileile: baba amesema uchukue pikipiki mwezi mmoja. Sikulala kwa furaha. Kwa baba mkwe yule, kupewa pikipiki ni zaidi ya kupewa binti.

Ilinitumikia vizuri. Tabata mpaka Wazo na kurudi, siku tatu kwa wiki, haikuniangusha hata mara moja. Kasoro niliyoiona ni moja tu. Kila asubuhi nilikuta doa jeusi kwenye sakafu ya kibaraza chetu, chini ya ekzosi, lile bomba la moshi. Nikainama nikaona kitundu, upana wa punje ya mtama, mahali bomba linapobonyea chini kabisa, kinadondosha maji meusi yenye mafuta. Nikasema, maskini, kutu imeshalila bomba la mzee.

Mwezi ulipokaribia kwisha nikaanza kujiuliza nitairudishaje. Petroli nilijaza, lakini petroli kila mtu anajaza. Kuosha nako ni wajibu, si zawadi. Nikakumbuka kile kitundu, na nikaona nimepata papai langu la kutia kwenye sahani. Kabatini kulikuwa na gundi ya chuma, ile ya tyubu mbili unazochanganya, tuliyozibia sinki la jikoni. Nikasugua bomba kwa msasa, nikaziba, nikasawazisha, nikapiga rangi ya fedha juu yake. Ilipokauka hata mimi mwenyewe sikuweza kuonyesha palipokuwa pametoboka. Nilisimama pale kibarazani nikajipenda.

Sikumwambia mtu. Kumwambia mkwe kwamba bomba lake limetoboka niliona ni kama kumwambia shati lake limechanika mgongoni. Unashona kimyakimya, unanyamaza. Kumbe kitundu kile kilitobolewa kiwandani, kwa makusudi. Moshi wa injini una maji ndani yake, na bomba likipoa yale maji yanabaki, yanachanganyika na oili isiyoungua, yanataka pa kutokea. Anayekwenda mbali bomba lake linapata moto wa kutosha, yanakauka. Safari za baba mkwe ni msikitini, sokoni na kwa dada yake mtaa wa pili, bomba halipati moto wowote wa maana. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua kuziba tu.

Masika yalipoanza, pikipiki ikaanza kuugua. Ukipiga kiki inaamka, inakohoa, inakwenda hatua hamsini, inakufa. Fundi akabadilisha plagi. Akasafisha kabureta, akaifunga, akaifungua tena. Akamwaga petroli yote akatia mpya. Baba mkwe alikwenda msikitini kwa miguu, ameshika mwavuli, na habari zikatufikia Tabata kwamba mzee hana raha. Mke wangu alisema itakuwa uzee wa pikipiki. Mimi pia nilisema hivyo, na wakati huo nilikuwa nasema kwa moyo mweupe.

Jumapili moja asubuhi tulikwenda kuwasalimu. Nje ya nyumba ya baba mkwe kuna baraza la saruji ambapo wazee wa mtaa hukaa, na siku hiyo walikuwepo kinyozi, muuza mkaa na wengine wawili watatu. Mimi nilipewa kigoda karibu na mlango na kikombe cha chai. Fundi akaja akiisukuma pikipiki, mara ya nne kuirudisha bila kupona. Alikuwa na mtoto wa jicho upande mmoja, kwa hiyo kazi nyingi alikuwa akizifanya kwa vidole. Akaisimamisha mbele ya baraza, akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya ekzosi, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Hapa palikuwa na kitundu," akasema.

"Kitundu gani?" baba mkwe akauliza.

"Cha kutolea maji. Mie nilikuwaga nakichokonoa na spoku. Kilikuwa hapahapa."

"Mie na pikipiki hii miaka yote hii sijaona kitundu."

"Wewe unaonaga tangi. Huku chini naonaga mie."

Kinyozi akashuka barazani, akainama, akatazama kwa macho yake mazima. "Mzee, hapa pako safi kabisa," akasema. "Hakuna kitu."

"Basi nitoboe. Nitoboe kidogo tu, mtaona."

Baba mkwe alikuwa ameshatembea na mwavuli wiki tatu, na hasira yake ilikuwa imefika shingoni. "Utoboe pikipiki yangu kwa ajili ya kitundu ulichokiota?" akasema. "Umezeeka, mwenzangu. Kichwa kimechoka. Iache."

Muuza mkaa akaongeza, "Labda kimehama, mzee. Kimeenda kupanga Mbagala," na baraza zima likacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ni watu waliozoeana, na yeye mwenyewe siku nyingine angekuwa wa kwanza kucheka. Lakini alibaki amepiga magoti, kidole kinakwenda na kurudi palepale kwenye rangi yangu ya fedha. Kisha akasema taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe, "Au ilikuwa pikipiki nyingine?"

Nilijua tangu aliposema neno kitundu. Chai ilikuwa mkononi. Neno moja tu lilitakiwa, na mdomo niliokuwa nao ulikuwa unafundisha watoto sitini darasani bila kipaza sauti. Nilinyamaza. Nilijiambia hapa si mahali pake, mkwe hawezi kuumbuka mbele ya baraza na kumwumbua na binti wa watu. Nilijiambia nitalipeleka kwa njia yake ya kawaida, nimwambie mke wangu, mke wangu amwambie baba yake, na kufikia jioni yote yatakuwa yamekaa sawa. Jioni tulirudi Tabata na mke wangu sikumwambia.

Nilichokifanya ni ujanja. Nilimwomba mke wangu apeleke ombi kwao kwamba kuna fundi wangu Tabata anazijua hizi za zamani, aitazame. Baba mkwe akakubali, jambo ambalo asingelikubali kamwe mwezi mmoja kabla. Nikakodi kirikuu, tukaipakia, na Jumamosi asubuhi, mke wangu akiwa ametoka, nikawa peke yangu uani na pikipiki ya watu na jiko la mkaa. Fundi wangu wa Tabata alikuwa mimi.

Gundi ile, nasema kweli, ni gundi nzuri. Bisibisi ilichubua rangi tu. Nikapasha spoku kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, nikaishika na koleo, nikaigandamiza pale nilipodhani ndipo. Rangi ikatoka malengelenge, ikafuata harufu ya kuchoma kichwa, gundi ikaanza kulegea kidogokidogo. Spoku ya kwanza ikapinda. Ya pili nikaizungusha nikiwa nimelala chali sakafuni, masizi yananidondokea shingoni, mpaka ghafla ikazama yote. Nikaichomoa nikitegemea mafuriko. Hakikutoka kitu. Ndani kulikuwa kumeshaganda tope la masizi na oili, ikabidi nichokonoe tena, nipulize kwa pampu ya baiskeli, nichokonoe tena. Kisha likaja tone. Halafu uzi mwembamba mweusi. Halafu yakamwagika mfululizo, maji mazito yenye uvundo, yakajaza kopo kubwa la maziwa ya unga na mengine yakapotelea sakafuni.

Niliyatazama nikiwa bado nimelala. Mzee wa watu alikuwa amesema kitundu kilikuwa hapahapa, na kweli kilikuwa hapahapa. Hakukosea hata upana wa kidole.

Mke wangu alirudi akanikuta nafuta sakafu. Hakuuliza fundi yuko wapi. Akaokota spoku iliyopinda, akatazama kipande cha kijivu kilichogandia kwenye ncha yake, akakikwaruza na ukucha.

"Hii si gundi ya sinki?"

"Ndiyo."

Alifikiri kidogo tu. Yeye ni mwepesi wa kuunganisha mambo, ndiyo maana sijawahi kufanikiwa kumdanganya. "Ulikiziba wewe," akasema.

"Nilidhani kutu."

"Baba kamwambia yule mzee kichwa chake kimechoka. Mbele za watu."

"Najua."

"Na ulikuwepo."

"Najua, mama. Nitamwambia nikiirudisha."

Niliirudisha Jumapili. Tuliposhusha pikipiki kwenye kirikuu baba mkwe akatoka na fulana na kikoi, akapiga kiki moja, ikapokea. Akazunguka mtaa mzima na ndala zake, moshi wa bluu nyuma, watoto wanamkimbiza. Aliporudi barazani alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona hata siku ya harusi yetu. Akanishika bega. Hajawahi kunishika bega. "Huyu hapa," akawaambia kina kinyozi, "mwalimu huyu kamshinda fundi."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa na sentensi yangu kamili, yenye samahani mwanzoni na mwishoni. Nilipofungua mdomo nikasema, "Ni uchafu tu, baba. Bomba lilikuwa na uchafu." Hata neno kitundu sikulitaja, maana kinyozi angeuliza kitundu gani, na baba mkwe angeinama kutazama. Nililiruka lile neno kwa hesabu kabisa, kisha nikapokea chai na chapati mbili.

Tangu hapo nikawa fundi. Jirani wa baba mkwe aliniletea kabureta kwenye mfuko wa rambo. Muuza mkaa alitaka nimtazamie jenereta. Kila nikikataa wakaona ni unyenyekevu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa fundi. Bandani kulikuwa na mnyororo na kufuli, kwa hiyo nikaenda nyumbani kwake, nyuma ya banda. Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele kwenye ungo. Hakuniona mpaka nilipokaribia, lakini mguu wangu aliujua.

"Mpagazi," akasema, "mzigo wa nani leo?"

Nilifurahi kusikia hivyo, nusura nilie. Na hapohapo nikaona mlango. Mtani unaweza kumwambia lolote. Nikakaa mkekani, nikasema kwa sauti ya juu, "Leo nimebeba wangu mwenyewe. Mzee, kile kitundu nilikiziba mie. Nilitaka ufe njaa nikurithi spana."

Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Mnyamwezi gani anayeweza kuziba kitu? Nyie si mnabeba tu?"

"Nakwambia kweli, nilikiziba na gundi."

"Na akili zako ulizibia nini?"

Nami nikacheka. Nilicheka naye, nikamjibu, akanijibu, na kwa muda kidogo tulikuwa kama zamani. Nilihisi mzigo umenitoka. Nimeshasema, nikajiambia, kama hakutaka kuamini hilo ni lake. Sijui kama kuna watu wengine duniani wanaoweza kukiri kosa namna hiyo na kuondoka wamelificha zaidi.

Kicheko kilipokwisha akarudi kwenye mchele. Akaokota kijiwe, akakitazama karibu kabisa na jicho lake zima. "Utani tuuache," akasema. "Hakikuwepo, mwalimu. Nimefikiri sana. Nadhani ilikuwa ya yule Mhindi wa zamani, ilifanana na hii. Nimechanganya." Akaniambia binti yake ndiye aliyechukua ufunguo wa banda. Sokoni hamwachi aende peke yake tena, na dawa zake za presha anamhesabia yeye, asije akameza mara mbili. "Hajakosea," akasema. "Mtu ukianza kuona vitu ambavyo havipo, bora ukae."

Binti mwenyewe alinisindikiza mpaka nje. Ni mwanamke mpole, anauza maandazi asubuhi. Alinishukuru kwa kuja kumchekesha baba yake. Akasema tangu siku ile barazani mzee amekuwa akimwuliza mambo madogomadogo, jana tumekula nini, leo ni siku gani, si kwamba hajui, anataka tu kuhakikisha. Nilimwambia pole. Nilimwambia pole, nikaondoka.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu kwamba nimekwenda na nimesema. Aliniuliza nimesemaje. Nilipomweleza, aliweka kijiko chini. "Ulifanya utani," akasema. "Nakupa mpaka Ijumaa. Ijumaa namwambia baba mwenyewe." Nilisema sawa. Ijumaa ilifika nikiwa na mitihani ya kusahihisha, na usahihishaji wangu haujawahi kuwa wa makini kama siku ile. Mke wangu alivaa baibui lake, akaenda Temeke.

Simu ya baba mkwe iliingia alasiri. Hajawahi kunipigia mimi moja kwa moja. Nilisimama kupokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kesho njoo uchukue pikipiki, umpelekee fundi akaishike. Mie nitakuja baada ya adhuhuri. Mie nina yangu ya kumwomba radhi. Yako utayasema mwenyewe." Akakata. Ningependa angenifokea.

Jumamosi niliisukuma pikipiki nyumba zile nne kwa mkono. Sikuona sawa kuipanda. Fundi alikuwa uani palepale, binti yake anaanua nguo. Sikusubiri aniite mpagazi. Nikaisimamisha mbele ya mkeka, nikasema, "Shikamoo mzee. Naomba utie kidole chini."

Alinitazama, kisha akajisogeza kwa magoti. Kidole kikaenda chini ya ekzosi, mbele, na kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikasimama tena. Aliingiza ncha ya ukucha.

"Si hiki hapa!" akasema. "Si hiki hapa!" Akamwita binti yake kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia toka masika. "Njoo! Njoo utie kidole! Nilisema hapahapa!" Binti akaja na nguo begani, akapiga magoti, akagusa, akamtazama baba yake, na machozi yakaanza kumtoka. Mzee alikuwa anacheka. Alikigusa tena na tena, kila mara anahakikisha. Nilitamani nife wakati ule, kabla hajafika kwenye swali linalofuata, lakini akafika.

"Sasa nani alikiziba?"

"Mimi, mzee. Nilipoazima. Nilidhani kutu, nikaziba na gundi, nikapaka rangi."

Hapakuwa na utani wowote kwenye sauti yangu, na yeye hakutia wake. Akafuta kidole kwenye shuka yake. Akakaa vizuri mkekani, akanyoosha mguu mmoja, na akaanza kuzungumza taratibu, akimgeukia binti yake, kama mtu anayempa mtoto somo arudie.

"Ilikuwa Jumapili," akasema. "Mvua ilikuwa imekatika asubuhi. Barazani alikuwepo kinyozi, na muuza mkaa, na yule mpangaji wa mama wa kona, na mzee wa koti. Huyu alikaa kwenye kigoda, karibu na mlango. Shati la mistari ya kijani. Chai kwenye kikombe chenye ua." Akanigeukia. "Nadanganya?"

"Hapana."

"Kinyozi akasema hakuna kitu. Kinyozi mie simwamini hata na nywele zangu. Nikakuita wewe. Nikasema, mtani, wewe mwalimu, una macho, hebu nitazamie. Ukaweka kikombe chini. Ukaja ukachuchumaa hapa, ubavuni kwangu. Ukapitisha kidole chako pale nilipopitisha changu. Ukasema, 'Hakuna kitundu, mzee.' Ndipo mie nikasema, au ilikuwa pikipiki nyingine."

Hapo juu nimeandika kwamba nilinyamaza. Nilimwambia hivyo mke wangu, naye akamwambia hivyo baba yake, na nimeandika hivyo tena leo, kwa mkono wangu, kwa sababu nimeshazoea kuikumbuka hivyo. Sikunyamaza.

Binti alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ananitazama.

"Ndivyo ilivyokuwa?" mzee akaniuliza. "Au nimechanganya?"

"Ndivyo," nikasema. "Hujachanganya kitu, mzee. Umekumbuka vyote."